Tundu la Jasho

Karakana, 9 Februari

Mpwa wangu,

Tarehe tatu mwezi huu, asubuhi, nilipoteza vitu viwili: fundi bora kuliko wote niliowahi kuwafundisha, na vernia yangu nzuri ya kupimia. Fundi ni wewe. Vernia nina mashaka iko kwenye begi lako. Kama utaweza kurudisha kimoja tu, nitakwambia ni kipi nikishasoma jibu lako.

Baada ya hayo, salamu. Sisi wazima. Baba yako mgongo umepona, ila anaficha ili asibebe vitu. Bibi yako mzima kuliko sote. Anauliza hiyo redio mnayoitengeneza huko ni kubwa kiasi gani hata ihitaji watu arobaini. Nimemwambia ni dishi la kusikiliza nyota. Kauliza kama nyota zinasoma taarifa ya habari.

Naambiwa simu ni marufuku huko, eti simu moja ikiwashwa karibu na dishi inapiga kelele kuliko mbingu nzima. Sawa, nitaandika, na gari lenu la mahitaji litabeba. Mimi shule niliiacha darasa la saba, lakini mwandiko wangu unasomeka, tofauti na wa watu fulani wenye shahada.

Sasa kazi. Lile tarumbeta la majaribio ulilonichorea nimelimaliza. Mdomo milimita sabini, koo milimita nane, matundu manane ya bolti kwenye kitako. Uduara wa koo nimeupima kwa geji, haukosei hata sehemu moja ya mia ya milimita. Mifereji ya ndani nimeikereza moja moja kwa mkono wangu, maana mwenye macho ya kazi hiyo kaondoka. Nimelimalizia kama tunavyomalizia kila kitu hapa. Gari la Ijumaa litakuletea.

Kibao cha nje bado kinasema KARAKANA YA SHANGAZI NA MPWA. Mchora vibao alipita akauliza kama afute maneno mawili ya mwisho. Nimemwambia angoje. Usidhani ni huruma. Rangi ya chini imepauka, akifuta patabaki doa.

Mkataba wako ni wa miezi minane. Ikiisha, unarudi au hurudi?

Shangazi yako

*

Kituoni, 3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mpe Bibi shikamoo yake pia, na umwambie nyota hazisomi habari, zinavuma tu kama stesheni iliyofunga. Mwambie na Baba kwamba mgongo wake nimeuombea, kwa hiyo asiniangushe.

Vernia nimeikuta ndani ya soksi. Sijui iliingiaje. Aliyefunga begi langu ni wewe, na soksi yenyewe imekunjwa kwa mkunjo wako.

Nalala kwenye chumba cha bati chenye kitanda, meza na dirisha linaloangalia mguu mmoja wa dishi. Hilo dishi ni kubwa hivi kwamba kivuli chake kinatupitia sote kabla ya chakula cha mchana. Maabara imevishwa wavu wa shaba kuanzia sakafu mpaka dari, na birika la umeme linafungiwa ndani ya sanduku la chuma kama mfungwa, lisipige kelele. Mkuu wangu tunamwita Desimali. Ukimsalimia na kumuuliza hali, anafikiri kwanza.

Uliniuliza siku ile tarumbeta ni la nini nikakujibu kwa haraka. Nijaribu tena. Mawimbi kutoka angani yanaingia mdomoni mwa tarumbeta, yanashuka kooni, na chini yake nimeweka vijiti viwili vidogo vya kuyapokea. Kimoja kinasikia mawimbi yanayotikisika kwa wima, kingine yanayotikisika kwa mlalo. Tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo inayotuambia sumaku iliyoko kati ya nyota na nyota imelala kuelekea wapi. Lakini tofauti hiyo ni ndogo, wastani wa ishirini katika elfu. Kwa hiyo wa wima asisikie mambo ya wa mlalo, na wa mlalo asisikie ya wa wima. Fikiria wapangaji wawili waliogawana chumba kwa pazia. Pazia likiwa jepesi, kila mmoja anasimulia habari za mwenzake, na mimi hapa nitasema ni habari za mbinguni. Kituo kinaruhusu kuvuja kwa tatu katika elfu, si zaidi.

Tarumbeta limefika salama. Nililikagua mwenyewe, nje na ndani, nikalipitisha. Ni zuri mno. Desimali alipitisha kidole mdomoni mwake mara mbili, na huyo kwa kawaida hagusi kitu bila glovu.

Tunalifunga wiki hii.

Mpwa wako

*

Karakana, 20 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Wote wazima. Bibi kasema kama ni stesheni iliyofunga, mngoje kesho yake asubuhi, huwa zinafungua saa kumi na moja.

Kuhusu vernia sina la kusema.

Habari za pazia nimezielewa. Baba yako na mimi tulikulia kwenye chumba cha namna hiyo, na najua siri zake zote. Nilichokuwa sijaelewa ni kwa nini barua yenye kurasa mbili haina jibu la swali langu la mstari wa mwisho. Nimeisoma tena nikidhani limejificha kwenye habari za birika.

Nimeajiri fundi mpya. Anajua kazi. Anakereza polepole kama anayemenya yai la moto. Meza yako sijampa, nimeweka ndoo juu yake.

Unarudi au hurudi?

Shangazi

*

Kituoni, 28 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa. Salamu kwa wote, na pole na fundi wa mayai.

Nilikuwa sina hamu ya kuandika kwa sababu kipokezi changu kilikuwa kinavuja. Kumi na mbili katika elfu. Mara nne ya tunayoruhusiwa. Desimali akaandika hiyo kumi na mbili kwenye ubao wa maabara, akaizungushia duara, akaiacha hapo kila mtu aione akipita kuchukua chai.

Nilianza kwa vijiti vyangu. Nikavitoa, nikavinyoosha, nikavirudisha. Kumi na mbili. Nikabadilisha nyaya, halafu vikuza sauti. Nikafungua kitako nikakipiga msasa mpaka nikajiona usoni. Kumi na mbili. Niliota hiyo namba ina miguu.

Mwishoni nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya mwanzo. Kitako kina bolti nane. Nikalegeza zote, nikaligeuza tarumbeta bolti moja mbele, nikalifunga. Kuvuja kukaisha. Nikageuza bolti moja tena, kukarudi, kwa kiwango kilekile ila upande wa pili. Nikageuza tena, kukaisha. Kwa maneno mengine, uvujaji ulikuwa unatembea na tarumbeta. Ulikuwa wake, haukuwa wangu.

Nikalishusha nikamulika kooni kwa tochi. Shangazi, kuna tundu. Milimita moja na nusu, upande mmoja tu, limesafishwa kingo vizuri kabisa.

Ni tundu la jasho. Lile unalolitoboa chini ya kila chombo kinachotoka karakana yetu, tangi, taa ya nje, sanduku la mita, ili unyevu ukiingia upate pa kutokea. Tundu hilo limekaa katikati ya kijiti cha wima na kijiti cha mlalo, kwa hiyo kila wimbi linalopita linajikwaa upande mmoja na kupinda kidogo kuelekea kwa jirani. Ndiyo kumi na mbili yangu.

Kinachonichekesha ni kwamba nililiona. Siku niliyolikagua nililiona kwa macho yangu mawili, nikalipitisha. Mtu mwingine yeyote hapa angeuliza tundu hilo la nini, halimo kwenye mchoro. Mimi nimekua kwako. Kwangu mimi chombo kisicho na tundu la jasho ndicho hakijaisha.

Nimeliziba kwa gundi ya chuma. Sasa tunavuja mbili katika elfu. Desimali kafuta ubao. Ameniuliza tundu lilitoka wapi, nimemwambia nachunguza.

Kuhusu kurudi, niseme asilimia sitini.

Mpwa wako

*

Karakana, 11 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Bibi kajikwaa kwenye mkeka, hakuumia, kaulaumu mkeka mpaka ukaondolewa. Baba yako kakutwa amebeba gunia, siri yake imekwisha.

Kwanza, huna haja ya kuchunguza. Mwambie huyo Desimali kwamba tundu nimelitoboa mimi, kwa biti mpya, kwa makusudi, nikiwa na akili zangu. Halijatobolewa na panya. Usinifiche kama mgonjwa.

Pili, ni kosa langu na nalikubali kwa kipimo chake: sikufuata mchoro. Ungenipa kazi hiyo kama mteja wa kawaida, ningekupigia hodi kuuliza. Kwa sababu ni wewe, sikuuliza. Nilijiambia, kasahau kulichora maana anajua nitaliweka.

Tatu, na hapa unisikie vizuri. Tarumbeta linakaa nje. Limeelekea juu, na koo ndiko chini. Mdomoni, kwa mchoro wako, umeweka kifuniko cha plastiki nyembamba. Asubuhi kuna umande. Hewa inaingia, inapoa, inakuwa maji, maji yanashuka. Umeziba njia yao. Miaka ishirini na sita nimeuza vitu vya kukaa nje, na waliorudi kulalamika ni watatu, mmoja kati yao mlevi. Nitajie mbili katika elfu yako mvua zikianza.

Nne, asilimia sitini ya mtu inaanzia wapi, kichwani au miguuni? Niambie nijue nikuwekee kiti au kofia.

Fundi wa mayai kaacha kazi. Kasema naangalia mikono yake sana. Nilikuwa naangalia saa.

Shangazi

*

Kituoni, 2 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Kwanza mwambie Bibi mkeka urudishwe, hauna kosa. Mwambie Baba namwonea huruma, gunia ni gunia.

Mvua zilianza wiki ya pili ya Juni. Siku ya nne, wa wima akawa anasikia vibaya. Siku ya sita, wa mlalo naye. Siku ya saba vijiti vyote viwili vikawa vinasikia kitu kimoja, kizito, kama mtu anayeongea amejifunika blanketi. Desimali akaja na nadharia tatu kuhusu mawingu. Nilipanda ngazi nikalifungua tarumbeta mwenyewe. Kooni mlikuwa na maji. Nusu kijiko. Niliyamimina kwenye kifuniko cha chupa nikamshushia.

Akayatazama. Akasema, "Hayo yametoka wapi?"

Nikamwambia, "Yalikuwa yanatafuta pa kutokea."

Ndipo nikamweleza habari zako zote. Nilitegemea akasirike. Alifikiri, unajua anavyofikiri, akasema, "Shangazi yako yuko sahihi kuhusu maji, wewe uko sahihi kuhusu mawimbi. Mmoja wenu atafute namna." Akaenda kula.

Namna nimeipata nikiwa nafunga bolti. Tundu moja linapindisha wimbi kwa sababu liko upande mmoja. Nikilizibua na kutoboa mengine matatu, yawe manne yanayolingana, moja kila pembe ya msalaba, wimbi la wima likishuka linakuta hali ileile linayoikuta la mlalo. Hakuna upande wa kupindia. Sikutoboa tarumbeta lako bila kufikiri. Nilikipima kila kipenyo mara tatu, kwa vernia ya soksini.

Mbili na nusu katika elfu. Na mvua ilikuwa inanyesha nje tukipima. Maji yalitoka yenyewe, tone tone, kwenye ndoo niliyoiweka chini.

Desimali ameniomba nikushukuru. Nimemwambia wewe hushukuriwi kwa mdomo, unaagizwa kazi. Anafikiri.

Mpwa wako

*

Karakana, 14 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Wote wazima, mkeka umerudishwa kwa masharti.

Barua yako nimeisomea wateja wawili na mwenye nyumba. Mwenye nyumba haelewi mawimbi lakini kaelewa nusu kijiko.

Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kusikia tundu linatibiwa kwa matundu matatu. Nimelifikiria siku nzima nikikereza vishikizo vya milango. Nimelikubali. Ukiweka mzigo bega moja unakwenda upande. Ukiweka pande zote unakwenda sawa ingawa mzigo umeongezeka. Umefanya vizuri. Nimeandika hivyo mara moja na sitarudia.

Umeandika kurasa tatu na kuhusu kurudi hukuandika hata asilimia.

Shangazi

*

Karakana, 25 Agosti

Mpwa wangu,

Gari la mahitaji limepita mara sita bila kitu chako. Dereva nimemfungulia mwenyewe mfuko wa barua nikautikisa. Bibi anaulizia. Mimi siulizii, naeleza tu hali ya mfuko.

Kama unaumwa, sema. Kama una habari mbaya, sema pia. Chuma nimeshika kikiwa cha moto na mikono yangu ipo yote.

Shangazi

*

Kituoni, 12 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Siumwi. Nisamehe. Nimeandika barua nne nikazichana, na Desimali amelalamika kwamba karatasi za maabara zinapungua.

Habari mbili. Ya kwanza: kituo kinajenga vipokezi ishirini na vinne kwa ajili ya dishi hili na la pili linalojengwa. Kila kimoja kina tarumbeta. Wakubwa walitaka kuagiza kiwanda cha mbali. Desimali akaweka kile kifuniko cha chupa juu ya meza ya mkutano, kikavu, akawasimulia. Kazi ni yako ukiitaka. Mchoro rasmi una matundu manne, na pembeni nimeandika jina lake: matundu ya jasho. Wahandisi wa pande zote watalazimika kulitamka.

Ya pili: wameniomba nibaki. Ajira ya kudumu. Mkataba wangu unaisha mwanzoni mwa Oktoba na wanataka jibu kabla.

Nikikaa hapa naiona kazi ya miaka kumi, na kila asubuhi naamka kabla ya kuamshwa, wewe mwenyewe unajua haijawahi kutokea. Halafu naiona meza yangu na ndoo juu yake. Nilisema sitini nikidanganya. Sikujua ni ngapi. Mpaka leo sijui.

Niambie nifanye nini. Nitakalolisikia kwako nitalifanya.

Mpwa wako

*

Karakana, 24 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Baba yako mzima, Bibi mzima. Nilipomwambia kwamba mnataka redio nyingine ishirini na nne, kasema ile ya kwanza kumbe ilishika.

Nitakalosema utalifanya? Hapana. Usinitwishe hilo gunia, mimi siyo baba yako. Nikikwambia rudi, kila bomba litakalopinda hapa utanitazama kwa jicho lile. Nikikwambia baki, utasema nilikufukuza. Uliamua kutoboa matundu matatu bila kuniuliza, na ulifanya vizuri, ingawa nilisema sitarudia.

Nikueleze tu hali ilivyo, kwa kipimo.

Matarumbeta nayataka. Nitakereza mawili kwa mwezi, kwa hiyo ni kazi ya mwaka mzima, na fundi wa mayai kaomba kurudi. Nimemkubali. Sitamwangalia mikono.

Lakini matundu manne yanayolingana siwezi kuyathibitisha kwa geji zangu. Macho yangu ya karibu yamepungua tangu mwaka jana. Ndiyo maana lile la kwanza nililitoboa upande mmoja bila kuona kwenye mchoro kwamba linakaa katikati ya vijiti vyako. Sikukwambia, usiniulize kwa nini. Kwa hiyo kila robo ya mwaka mtu mwenye macho na vernia inabidi aje akae hapa siku kumi, apime sita, apitishe au akatae. Ndoo nimeiondoa mezani. Koti lako limefuliwa.

Mtu huyo anaweza kuja kwa namna mbili. Anaweza kuja kama mkaguzi wa kituo, na hapo nitampa kiti cha wageni, chai, na risiti. Au anaweza kuja kama mwenye karakana, akae huko kwenye dishi lake miezi yote anayoitaka, alipwe mshahara wake, na bado hapa pawe pake, afungue kwa ufunguo wake bila kubisha. Mimi wa wima, yeye wa mlalo kama alivyokuwa analala mpaka saa tatu, koo moja. Siombi kingine.

Ila mgeni simwandiki kwenye kibao.

Mchora vibao anakuja Jumamosi, tarehe 5 Oktoba, saa nne asubuhi. Nimeshamwahidi na safari hii simrudishi. Ana makopo mawili: moja la rangi ya ukuta, la kufutia, na moja la nyekundu, la kupakia upya maneno yaliyopauka. Dereva wa gari la mahitaji anafika mjini Ijumaa jioni na nimemwambia apite hapa kwanza kabla ya kwenda kwake.

NA MPWA: afute, au apake? Usiniletee asilimia. Neno moja, liwe mkononi mwangu kabla ya saa nne.

Shangazi